Matembezi ya Prefe

Masisi, 4 Septemba

Mvua ya kwanza. Imelowesha vumbi tu, ikaenda zake. Dukani nimeuza sabuni, chumvi, betri, na mwavuli mmoja kwa mtu aliyekuwa amekwisha kulowa.

Prefe ameng'oa manyoya mengine. Nimeyafagia.

6 Septemba

Dada yangu Kavira anasema yule ndege atakufa kabla maharagwe hayajatoa maua. Kavira husema hivyo juu ya kila kitu: redio, viatu, serikali. Lakini mara hii nimetazama vizuri. Kifua cha Prefe kimebaki uchi, ngozi tupu yenye vipele, kama kuku aliyekwisha kutiwa maji ya moto. Mkia wake mwekundu ungalipo. Ukimtazama nyuma ni kasuku. Ukimtazama mbele ni kitoweo.

Niseme habari yake, nisije nikasoma haya uzeeni nikadhani nilifuga mkuu wa shule. Prefe ni kasuku wa mke wangu. Adrienne alimpata Walikale miaka tisa iliyopita, kwa mchimba madini aliyekuwa akimlisha biskuti na moshi wa sigara. Akampa jina la mkuu wa shule kwa sababu ndege yule alimtazama kila mtu kama vile amechelewa. Watu wote huuliza kama anasema. Hasemi. Katika miaka yote hiyo amejifunza jambo moja tu, kikohozi changu cha asubuhi. Adrienne alikuwa akicheka kitandani: "Nyumba hii iko na wazee wawili, na hakuna anayekunywa dawa."

Adrienne alifariki mwezi wa saba. Presha. Tangu siku ile Prefe hakohoi tena, anang'oa manyoya. Mimi nakohoa; manyoya sina.

Sijalia. Siku ya maziko watu walinitazama wakangoja, kama wanavyongoja gari la Goma, kisha wakachoka, wakaenda kula. Siwalaumu. Hata mimi nilikuwa nangoja.

7 Septemba

Binti yangu Kétsia amepiga simu kutoka Butembo, anakosoma.

"Papa, Prefe anakula?"

"Anakula."

"Na weye?"

"Mimi pia."

"Papa, asikufe. Nakuya Noeli, nataka nimukute. Niahidi."

"Nakuahidi."

Niliahidi kama ninavyowaahidi wateja kwamba sukari itafika kesho. Baada ya simu nikaenda kumtazama. Alikuwa ameshika unyoya mmoja mdomoni, anautafuna taratibu, bila njaa.

10 Septemba

Callixte, munganga wa mifugo, amepita dukani kutafuta betri za tochi. Nikamwonyesha Prefe huko nyuma ya magunia.

"Papa Kétsia, miye ni munganga ya ngombe. Huyu hana hata pembe."

"Mutazame tu."

Aliinama, mikono mgongoni, akamtazama Prefe muda mrefu, na Prefe naye akamtazama vilevile. Sikujua nani anampima nani.

"Huyu haiko na ugonjwa," akasema. "Iko na huzuni, na iko mu giza. Jua inafikaka wapi hapa? Mutoe inje. Apate jua ya asubui, aone bantu, asikie makelele. Lakini pole pole. Kwanza mulangoni. Kisha mu kiwanja. Akizoea, mupeleke ku kilima."

"Akiruka?"

"Musimutoe bila kumufunga."

"Nimufunge mu mguu?"

"Mbuzi njo inafungwa mu mguu, na mbuzi haijaribuke kuruka. Mufupa ya ndege iko kama kijiti ya kiberiti. Mukamate mu kifua, mukanda ipite chini ya mabawa." Akafika mlangoni, akageuka. "Na avoka, hapana! Hata kipande. Avoka inamuua. Na moshi, hapana. Na maziwa, hapana. Na mvua ikikuya, mukimbie."

Hapa kwetu avoka, yaani maparachichi, zinaanguka juu ya mabati usiku kucha, jiko linatoa moshi, mvua ndiyo imeanza. Nikamuuliza kama kuna kitu kingine kisichomuua.

"Mulango," akasema, akaondoka.

13 Septemba

Kavira ameshona mkanda. Amekata sidiria yake kuukuu: mpira mmoja unapita mbele ya mabawa, mwingine nyuma, inaungana mgongoni kwenye pete ndogo, na kwenye pete kuna kamba. Prefe ametafuna wa kwanza. Ametafuna wa pili. Wa tatu ameuvaa, akasimama kama askofu.

"Katembo," Kavira akasema, "mwanaume mujane anatembeza ndege yenye kuvaa sidiria. Njo mwisho wa jamaa yetu."

Alinitazama aone kama nitacheka. Nilijua ni jambo la kuchekesha. Nililijua kama unavyojua kwamba leo ni Jumamosi.

15 Septemba

Mlangoni. Mvua saa nane.

16 Septemba

Mlangoni. Mvua saa sita.

19 Septemba

Kiwanjani. Mwewe amepita juu, akazunguka mara mbili, nami nikajitupa juu ya kizimba nikakifunika kwa mwili wangu kama kuku jike. Jirani yangu Mama Victorine ameuliza kama nataga. Tangu leo kizimba kitakuwa na kitenge juu na pande tatu. Upande mmoja wazi, ili aone ulimwengu bila ulimwengu kumla.

24 Septemba

Kiwanjani. Hakuna kitu.

28 Septemba

Leo kwa mara ya kwanza tumepanda kilimani kwa Sebagabo.

Sebagabo ni mfugaji, huniuzia jibini. Watu humwita Papa Jado, kwa jina la mtoto wake mkubwa aliye Goma. Zamani ng'ombe wake walijaa kilima kizima. Sasa, baada ya yote yaliyopita huku, wanaenea kwenye kivuli cha mti mmoja, na yeye anawachunga kana kwamba bado wamejaa kilima.

Kumpeleka ndege kwa pikipiki ni kazi kuliko kumpeleka askofu. Kizimba nimekifunga kifuani pangu, si nyuma, maana nyuma kuna moshi wa bomba. Kitenge upande wa upepo. Kipande cha tango, kwa ajili ya maji, maana kikombe kinamwagika. Nikaenda polepole hivi kwamba mama mwenye mzigo wa maharagwe alinipita kwa miguu, akanisalimu, akanipita tena kwa maneno: "Papa, utafika, usiogope."

Kwenye bariere, kizuizi cha njiani, vijana wenye bunduki wakataka kuona kilicho chini ya kitenge.

"Ni nini?"

"Kasuku."

"Aseme."

"Hasemi. Anakohoa tu."

"Basi akohoe."

Prefe aliwatazama kama watu waliochelewa. Kijana mmoja akaanza kufungua kimlango, na nikaona jinsi jambo hili litakavyokwisha. Basi nikakohoa mimi, mdomo umefungwa, uso umegeukia bondeni. Wakacheka mpaka wakashikana. "Anakohoa kama muzee!" Wakatupisha.

Kule juu Kamaliza, mke wa Sebagabo, amenipa maziwa. "Na ndege, anakunywaka?"

"Munganga alikataza."

"Munganga anakataza maziwa? Ni munganga ya wapi huyo?"

Nilimfunga Prefe kamba kwenye ua, nikaketi karibu, mwavuli mkononi. Sebagabo aliketi pia. Hakuniuliza habari ya msiba, hakunipa pole. Alizungumza na ng'ombe wake tu, mmoja mmoja, kwa majina. Saa nzima sikuhisi kitu, na hakuna aliyeningoja nihisi.

5 Oktoba

Kilimani. Prefe amekula mbegu za majani mwenyewe. Mvua ikaanza upande wa Nyabiondo, tukateremka kabla haijafika.

12 Oktoba

Kilimani. Jua. Kwenye kifua chake kuna vitu vidogo vyeusi kama ncha za sindano. Sikujua ni nini. Sebagabo pia hakujua.

Nimeanza kuona kwamba huyu Sebagabo, ambaye miaka yote nilimjua kwa jibini tu, ni mtu wa namna yake. Ndama akikohoa huamka. Ng'ombe akiinamisha kichwa, anajua kwa nini. Kavira anasema watu wa ng'ombe hawajui kitu kingine. Nikamwambia, na sisi wa duka tunajua nini? Akasema, tunajua wao hawajui.

19 Oktoba

Mvua siku nzima. Hatukwenda. Prefe alisimama amegeukia mlango.

23 Oktoba

Nataka kuandika haya yote kwa utaratibu.

Leo ni Alhamisi. Kwa kawaida tunapanda Jumapili, lakini Jumapili hii kuna harusi ya jirani, nikasema twende leo. Sikujua kwamba Alhamisi ndiyo siku ya dawa. Nilipofika ng'ombe walikuwa wamelowa, wananuka, na Sebagabo alikuwa na pompi mgongoni, anamaliza kupulizia wa mwisho. Dawa ya kupe. Nilisimama mbali kidogo, upande wa juu. Niliona inatosha.

Prefe alikuwa anajikuna. Tangu juzi anajikuna kifua, shingo, chini ya mabawa, anajikuna mpaka anataka kuanguka. Sebagabo alitua pompi, akaja, akachuchumaa mbele ya kizimba na uso ule anaompa ndama.

"Papa Kétsia, huyu iko na kupe."

"Ndege iko na kupe?"

"Zile ndogo, zenye macho haione. Tazama vile anajikuna. Tazama ngozi. Njo sababu manyoya ilitoka." Alisema kwa furaha, kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea mwezi mzima. "Nitamupangusa na kitambaa. Kidogo sana, vile nafanyiaka ndama yenye ilizaliwa jana. Haijaua hata moja. Nifanye?"

Nikasema, "Fanya."

Nimelifikiria neno hilo njia nzima ya kurudi. Sikulisema kwa kumwamini, wala kwa uchovu. Ningeweza kusema hapana na lingekuwa na uzito uleule. Nimekuwa mtu wa namna hiyo tangu mwezi wa saba: unaniuliza kitu, natoa jibu lililo karibu na mkono.

Alilowesha kitambaa kwenye ndoo ya dawa, akakikamua, akampangusa Prefe kifua na shingo kwa kidole kimoja, taratibu, anamwimbia kitu kwa Kinyarwanda. Prefe alimwacha. Alinyoosha hata shingo.

Tulikunywa maziwa. Kikombe hakijafika nusu nikasikia kitu kinagonga. Ni Prefe, mguu unagonga kijiti peke yake. Kisha mabawa yakafunguka, yakabaki wazi, yanatetemeka. Mdomo wazi, ute unatoka. Akateleza kwenye kijiti, akaanguka chini ya kizimba, akalala ubavu, akaendelea kutembea akiwa amelala.

Kamaliza alifika wa kwanza. "Umefanya nini?" Hakuniuliza mimi. "Papa Jado, umefanya nini? Ile ni ngombe?"

Sebagabo alikuwa anatazama kitambaa kilichokuwa bado mkononi mwake.

Rezo ya simu kule iko sehemu moja tu, juu ya jiwe karibu na maji ya ng'ombe. Nikapanda jiwe, nikampata Callixte.

"Dawa gani?"

"Ya kupe."

"Kupe ya nani?"

"Ya ngombe."

Nikadhani rezo imekatika.

"Mumuoshe," akasema, na sasa alikuwa anapiga kelele. "Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, sana kidogo, ile ya kunawa mikono. Musimutie maji ku kichwa. Musimutie kitu mu kinywa, hata maziwa, mwambie Mama Jado nimesema hata maziwa! Mumupanguse, mumutie joto, giza, kimya. Na mutoke pale kwenye harufu. Alikuwa anajikuna?"

"Alikuwa anajikuna sana. Kifua iko na vitu kama sindano."

"Papa Kétsia," akasema polepole, "zile ni manyoya. Ndege ikiota manyoya inajikuna. Alikuwa anapona."

Niliteremka kwenye jiwe. Niliwaambia maji, sabuni, joto. Habari ya manyoya sikuwaambia. Kisha nikawaambia. Sebagabo alinisikiliza akiwa amesimama, akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeonyeshwa njia.

Kamaliza alimwosha. Ana mikono mikubwa, ya kukamua, na sikujua inaweza kuwa myepesi namna ile. Tukaingia nyumbani. Sebagabo akavua koti, akafungua shati, akalala chali juu ya mkeka, akasema, "Mumulete." Wakamweka Prefe juu ya tumbo lake, ngozi kwa ngozi, wakafunika na shati na blanketi. Alikuwa anatetemeka, na tumbo la Sebagabo lilikuwa linatetemeka naye.

Mvua ya mawe ikaanza. Callixte akatuma ujumbe: barabara imekuwa uji, pikipiki imelala, hawezi kupanda. Mimi nami ilibidi nishuke kabla bariere haijafungwa, na ndege katika hali ile hawezi kutembezwa kwenye baridi. Nilisimama mlangoni na kizimba kitupu.

"Papa Kétsia," Sebagabo akasema kutoka kwenye mkeka, bila kunyanyua kichwa. "Akikufa, nitakuya mimi mwenyewe kukuambia. Sitatuma mutu."

"Sawa," nikasema.

Nilitaka kumchukia. Ingekuwa haki yangu, na ingekuwa kazi ya kufanya njiani. Nimefika Masisi, nimevua koti, nimemuuzia Mama Victorine mishumaa.

24 Oktoba

Sebagabo hakuja. Basi anaishi.

25 Oktoba

Hakuja.

26 Oktoba

Milio usiku upande wa Nyabiondo. Asubuhi wanasema njia ya kilimani imefungwa. Mwanaume akionekana huko anakamatwa abebe mizigo. Rezo hakuna.

27 Oktoba

Hakuja. Sasa sijui maana yake. Labda Prefe anaishi. Labda amekufa, na Sebagabo amekaa kule juu na neno lake, hawezi kupita.

28 Oktoba

Mvua.

30 Oktoba

Mvua. Kavira amesema, "Nilikuambia juu ya watu wa ngombe." Nikamwambia mimi ndiye niliyesema fanya. Akafunga mdomo. Kavira kufunga mdomo ni jambo la kuandikwa.

2 Novemba

Siku ya wafu. Misa, kisha makaburini. Kavira alilia kwa niaba yangu, na alivyo na moyo mkubwa akalia pia kwa niaba ya jamaa walio karibu. Mimi nilishika mwavuli. Nilimwambia Adrienne moyoni kwamba ndege wake sijui aliko. Ilikuwa kama kumwambia ni saa ngapi.

5 Novemba

Rezo ya Butembo imerudi kidogo.

"Papa, Prefe?"

"Iko kilimani, anapunga hewa."

"Analala huko?"

"Mvua, binti yangu. Njia mubaya."

"Lakini iko muzuri?"

Simu ikakatika yenyewe. Nimeishukuru.

9 Novemba

Mvua. Maharagwe yametoa maua. Nimeyaona nyuma ya kanisa, meupe. Kavira pia ameyaona.

13 Novemba

Kamaliza!

Ameshuka kwa vijia vya mashambani, na jagi la maziwa kichwani, viatu mkononi. Wanawake wanaachwa kupita. Nilimwona mlangoni nikajua kwamba si yeye aliyeahidi kuja na habari mbaya, hata hivyo nikaketi juu ya gunia.

"Anaishi," akasema, hata kabla ya salamu.

Kavira akapiga makofi, akaita jina la Bikira Maria, akamvutia kiti.

"Ule usiku wa kwanza hatukulala," Kamaliza akasema. "Wa pili akafungua jicho. Papa Jado alikuwa hajainuka pale ku mukeka, hata kwenda choo alikuwa anaenda naye. Sasa anakula."

"Anakula nini?" nikauliza.

"Mahindi mabichi. Lakini hakuna mu sahani. Anakula mu kinywa ya Papa Jado! Mutu muzima, muzee, anatafuna mahindi, anafungua kinywa, na ndege inaingiza kichwa. Miye ile ikianza natokaka inje. Naona haya."

Kavira akacheka mpaka akashika meza. "Mama Jado, umepata mwenzio!"

"Acha! Na sasa anapiga muluzi."

"Nani?" nikauliza.

"Ndege. Ule muluzi Papa Jado anaitiaka ngombe ku maji. Juzi asubui ngombe zote zimesimama, zimekwenda ku maji, na hakuna mutu amewaita. Papa Jado alikuwa anavaa suruali."

Walicheka wote wawili. Mimi nikasema aksanti. Kamaliza akanitazama.

"Papa Kétsia, ni habari muzuri."

"Njo nimesikia, Mama Jado. Aksanti sana."

Usiku huu nimejaribu mluzi. Hautoki.

20 Novemba

Mvua.

27 Novemba

Mvua. Nimefua kitenge cha kizimba. Nimekikausha juu ya moto, nikakumbuka moshi, nikakifua tena.

4 Desemba

Njia imefunguliwa. Kesho kutwa napanda.

6 Desemba

Niliondoka na jua. Kitenge, tango, mkanda mpya ambao Kavira ameushona na kusema huo ni wa mwisho, hana tena cha kutoa kwa ajili ya ndege. Kwenye bariere hakukuwa na mtu, viti tu. Pande zote watu wanavuna maharagwe, wanainama, wananyanyuka, hakuna anayeimba.

Sebagabo alikuwa kati ya ng'ombe wake. Prefe alikuwa begani. Nilimwona kwa mbali, sikuamini ni yeye, kwa sababu kifua kimefunikwa, kijivu laini, kila unyoya na ukingo wake mweupe, kama alivyokuwa kwa Adrienne. Alikuwa amevaa mkanda wa Kavira. Kamba imefungwa kwenye kifungo cha koti la Sebagabo.

"Simutoake bila mukanda," Sebagabo akasema haraka, hata kabla sijafika. "Na dawa ya kupe nimeipeleka ngambo ingine ya kilima, Alhamisi nanawa mwili yote mbele ya kumushika. Mwewe akipita, namuingiza mu koti." Alikuwa anatoa hesabu kama mtoto mbele ya mwalimu. Amekonda. Alikuwa anangoja nimhukumu.

Nikasema, "Papa Jado, aksanti." Nikanyoosha mkono kwa Prefe, kama ninavyofanya siku zote, kidole kimelala.

Prefe akarudi nyuma. Akazunguka kisogo cha Sebagabo, akatokea kwenye sikio la pili, akanitazama. Nikamfuata upande ule. Akarudi huku. Kamaliza akacheka kidogo, akaacha.

"Ni miye, Prefe," nikasema. "Ni miye." Nikakohoa hata, pale mbele ya ng'ombe, kikohozi changu cha asubuhi. Akainamisha kichwa kusikiliza. Nikasogeza kidole. Akakishika na mdomo, akakaza mpaka kwenye mfupa.

Sijui jinsi ya kuandika kilichofuata. Nilipiga kelele. Kwanza ilikuwa kidole, kisha haikuwa kidole.

"Mupumbavu weye!" nikasema. "Miaka tisa! Nani alikuwa anafagia mavi yako? Nani alikuwa anakutafutia karanga mu vita? Nani amekuvalisha sidiria ya dada yake mbele ya Masisi muzima? Na sasa unanitazama kama mutu ya kupita! Unaenda zako, hata kusema hausemi! Kitanda kimoja, Adrienne! Nilikuwa pale, ubavuni, ungenigusa tu! Ungeniamusha!"

Ng'ombe wote walinyanyua vichwa. Nilisikia jina lile limesimama kilimani na sikuweza kulirudisha. Kisha nikaketi kwenye majani yaliyolowa, mkono wenye damu umeinuliwa juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, na nikalia. Nimelia vibaya, na makamasi, na sauti ambayo sikuijua. Miezi yote nilidhani ikija itakuwa na heshima kidogo.

Sebagabo hakunikaribia. Alimwingiza Prefe ndani ya koti, akageuka, akasimama kati yangu na njia, ili anayepita asione. Kamaliza akaja na kitambaa safi na maji, akachuchumaa, akakishika kidole.

"Hiki kidole kinauma," akasema kwa sauti, kana kwamba kuna mtu ameuliza.

"Kinauma," nikasema.

"Lia. Kidole cha namna hii kinalizaka bantu."

Nikalia mpaka kivuli cha mti kikahama. Nilipomaliza nilikuwa na njaa, njaa kabisa, nikala viazi vyao na jibini bila haya. Sebagabo akaja, akasimama mbele yangu.

"Papa Kétsia, ni wako. Nimuingize mu kizimba? Kwangu atakubali."

Nilimtazama mtu huyu. Alikaribia kumuua ndege wangu kwa wema, kisha akampa tumbo lake. Nilimwonea wivu kiasi kwamba ningeweza kumpiga, na wivu ule ulikuwa na joto, nikaushika, sikutaka uishe upesi.

"Muache," nikasema. "Nitarudi Jumamosi."

"Na ingine?"

"Na ingine. Mpaka anizoee tena. Na asiponizoea nitakuwa nakuya kumutukana."

"Karibu," Sebagabo akasema, bila kucheka.

7 Desemba

Nimempigia Kétsia mimi mwenyewe. Nimemwambia yote: dawa, neno nililolisema, tumbo la Papa Jado, mluzi, kidole. Nimemwambia nilimdanganya. Nimemwambia ndege yuko hai lakini hayuko nyumbani, na sijui kama atarudi kuwa wetu. Nikangoja anikasirikie.

"Papa," akasema, "sauti yako iko vile juu ya nini?"

"Nililia jana. Na leo asubui tena. Nadhani sijamaliza."

Akaanza kulia naye. Tukalia hivyo, Butembo na Masisi, mpaka Kavira akachungulia mlangoni, akaona, akaurudisha mlango polepole.

"Nilikuomba asikufe," Kétsia akasema mwishoni, anapenga kamasi. "Sikukuomba umukalishe mu nyumba. Noeli tutamupandia huko. Anaumaka bantu wote?"

"Miye tu, sasa hivi."

"Basi nitapita mbele," akasema binti yangu. "Weye utakuya nyuma yangu."